Bima ya Safari ya Uzeeni

Watu wa rika langu tulikua bila kulijua neno bima, ilhali jambo lenyewe tulilijua vizuri. Mtu alipofiwa, majirani walikuja na majembe, na wake zao walikuja na unga na kuni. Nilipoanza ualimu katika miaka ya 1970, karibu kila kituo cha kazi kilikuwa na chama cha kufa na kuzikana, na mshahara ulipotoka kila mwalimu alitoa chake. Shirika la Bima la Taifa lilikuwapo, tena wakati ule likiwa peke yake katika kazi hiyo, lakini kwa wengi wetu bima ilikuwa kile kikaratasi kinachobandikwa kwenye kioo cha gari. Na kwa kuwa magari hatukuwa nayo, tuliona haituhusu.

Ilinihusu nilipofika umri wa miaka 74. Binti yetu wa pili, anayeishi Ujerumani na mumewe, alitupigia simu kutuarifu kwamba wamepanga kutuchukua, mama yake na mimi, katika matembezi ya siku saba kwa meli ya kitalii. Meli ingeng'oa nanga Genoa, nchini Italia, ipitie Marseille, Barcelona, Tunis, Palermo na Naples, kisha irejee Genoa. Wapo watakaosema kwamba mzee mwenye kisukari, na mkewe wa miaka 69 mwenye shinikizo la damu, mahali pao ni barazani na kikombe cha uji. Lakini mimi nilifundisha jiografia miaka mingi kabla ya kupewa ukuu wa chuo. Bahari ya Mediterania nimeionyesha kwa fimbo ramanini mara zisizohesabika. Sikuona sababu ya kukataa kuiona kwa macho.

Uzuri wa bahari hiyo wamekwisha kuueleza wengine wenye kalamu kuliko mimi. Ninalotaka kueleza hapa ni karatasi tulizozisoma kabla ya kuondoka, kwani zilinifundisha mambo ambayo katika miaka yangu yote ya kufundisha walimu sikupata kuyafundisha, wala sikufundishwa.

Aliyeanza ni mke wangu. Binti alipomaliza kueleza habari za meli, vyakula na muziki, mama yake alimwuliza swali moja tu: "Na nikifia huko, nitarudije?" Upande wa pili wa simu ulinyamaza. Kisha binti akasema, "Mama, jamani, tunakwenda kupumzika, tusizungumze habari za kufa." Mke wangu akamjibu kwamba yeye hazungumzi habari za kufa, anazungumza habari za kurudi.

Swali hilo halikutoka hewani. Miaka michache kabla ya hapo, mwalimu mwenzetu mstaafu, tuliyefanya naye kazi bega kwa bega, alikwenda kumtembelea mwanawe katika nchi ya mbali. Alikuwa na bima, maana bila bima asingepewa viza. Bima ile ilikuwa ya bei ya chini kabisa, na aliyemjazia fomu, kwa nia ya kumsaidia ili isipande bei, aliacha mahali pa maradhi ya moyo pakiwa patupu. Moyo ukamshinda huko huko. Kampuni ikapekua kumbukumbu za hospitali, ikakuta kwamba ugonjwa ulikuwapo na haukutajwa, ikakataa kulipa. Mwili ulikaa chumba cha maiti zaidi ya majuma matatu, huku Watanzania wa mji ule, ambao wengi wao hawakumjua, wakichangishana, na sisi huku tukipitisha bakuli. Alirudi akazikwa kwao, na waliochanga Mungu awalipe. Lakini mjane wake aliyahesabu majuma yale siku kwa siku, na mke wangu alikuwa akienda kukaa naye kila jioni. Ndipo alipolitolea swali lake.

Basi nikaanza kusoma, na katika kusoma nikagundua kwamba bima yenyewe ni mtoto wa bahari. Tangu zama za kale, katika bahari ile ile tuliyokuwa tunakwenda kuipita, mabaharia walikuwa na sheria iliyopewa jina la kisiwa cha Rhodes. Meli ikikumbwa na dhoruba na shehena ya mfanyabiashara mmoja ikatupwa majini ili chombo kiwe chepesi, hasara ile haikuachwa juu ya mtu mmoja. Wote waliookoka na mali zao walichangia kumfidia. Warumi waliiandika kanuni hiyo katika vitabu vyao vya sheria, na hadi leo bado inafuatwa katika biashara ya meli. Baadaye sana, kuelekea mwisho wa karne ya 17, wenye meli na wenye fedha walikuwa wakikutana katika duka la kahawa la Edward Lloyd mjini London, wakikubaliana nani abebe sehemu gani ya hatari ya safari gani. Kumbe hawa Wazungu nao walianza kwa michango! Tofauti ni kwamba wao waliiandika, wakaweka masharti, na anayetaka kuchangiwa ni lazima awe amekubali masharti kabla chombo hakijatweka.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo zima. Mchango wa jirani hauna maandishi madogo madogo nyuma ya karatasi. Jirani hakuulizi kama ulikuwa na kisukari kabla ya kuanguka. Bima hukuuliza, na ukimficha jibu, siku ya haja atakuficha fedha. Kwa hiyo yule anayeichukua bima kama anavyoyachukulia maneno ya jirani yake atadhulumika, hata kama hakuna aliyekusudia kumdhulumu.

Kijana aliyetusaidia ni mwanafunzi wangu wa zamani, aliyeacha chaki akawa wakala wa bima. Alikuja nyumbani na mkoba wake, akasema, "Shikamoo Mwalimu," akatandaza karatasi tatu mezani. Moja ilikuwa ile iliyouzwa na wenye meli pamoja na tiketi, ambayo binti yetu angeipata kwa kutia alama moja tu mahali pa kununulia. Ya pili ilikuwa bima ya viza. Ya tatu ilikuwa ya bei kubwa, karibu mara tatu ya ile ya pili. Nikamwomba aniachie siku nne. Nikazisoma kama nilivyokuwa nikisahihisha mitihani, kalamu nyekundu mkononi.

Ile ya meli ilikuwa na maneno mazuri juu ya kurudishiwa nauli. Hilo si dogo. Kampuni za meli hukata sehemu kubwa zaidi ya fedha kadiri siku ya safari inavyokaribia, hata ikafika mahali abiria aliyeahirisha siku za mwisho hapati kitu. Mzee wa miaka 74 anaweza kuamka na homa siku yoyote. Lakini bima ile ilianzia bandarini Genoa na kuishia bandarini Genoa. Kuanzia Dar es Salaam hadi kwa binti, majuma mawili ya kukaa kwake, na njia yote ya kurudi, tungekuwa mikononi mwa Mungu peke yake.

Ile ya viza ilitimiza kila ilichoagizwa. Nchi za Schengen humtaka mwombaji wa viza ya muda mfupi awe na bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000, inayolipia matibabu ya dharura na kulazwa, na pia kurudishwa nyumbani, mgonjwa au maiti. Sharti hilo nisilione kuwa ni la kibaguzi, maana hata sisi tumejifunza kuwataka wageni wetu wajikinge: tangu Oktoba 1, 2024, wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar waliwekewa sharti la kununua bima ya Dola 44. Kasoro ya karatasi ile niliiona nilipochukua ramani. Ilisema inafanya kazi katika nchi za Schengen. Italia imo, Ufaransa imo, Hispania imo. Tunisia haimo. Wakala aliporudi nikamwuliza, "Kijana wangu, nikianguka usiku kati ya Barcelona na Tunis, nitakuwa nchi gani?" Akacheka, akasema hilo swali la mtihani. Lakini aliandika kuuliza, na siku ya pili jibu likaja kwa maandishi: huko sipo popote panapolipiwa.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, maana anayenunua bima ya viza humfikiria ofisa wa ubalozi, wala hajifikirii yeye mwenyewe akiwa kitandani. Viza ikishatoka, karatasi imemaliza kazi yake moyoni mwake. Na hata kwa ofisa lilikuwapo jambo la kuangalia: meli ikitia nanga Tunis umeshatoka Schengen, na Palermo unaingia upya. Tuliomba viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Ikabaki ile ya tatu. Nikaiwekea maswali matano, nami nayataja hapa kwa kuwa huenda yakamfaa mwingine.

Swali la kwanza lilikuwa la umri. Hati nyingi zina mpaka: nyingine miaka 70, nyingine 75, nyingine 80. Umri unaohesabiwa waweza kuwa wa siku ya kununua au wa siku ya kusafiri, kwa hiyo uulize ni upi. Hii ilifika 80.

Swali la pili ni maradhi tuliyo nayo. Nilimwambia wakala aandike kila kitu: kisukari changu, mwaka kilipogunduliwa, vidonge ninavyomeza, shinikizo la mke wangu, na kwamba daktari alimbadilishia dawa miezi minane kabla. Hilo la kubadilishiwa dawa lilikuwa na uzito, kwa sababu kampuni hutazama nyuma. Zipo zinazotazama siku 60, zipo zinazotazama siku 180, zikitaka kuona kama ugonjwa ulikuwa umetulia. Ada ya bima ikapanda. Wakala alinitazama kwa huruma, nami nikamwambia kwamba fedha ile ndiyo ninayoilipa kwa furaha kuliko zote, kwa sababu inanunua ukweli.

Swali la tatu ni matibabu melini. Wengi hudhani daktari wa meli yumo ndani ya nauli, kama vile mpishi. La hasha. Zahanati ya meli hutoza kama hospitali ya binafsi, na hesabu huandikwa kwenye akaunti ya chumba chako. Kadi yangu ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambayo imenitibu vizuri tangu nilipostaafu, haivuki mpaka. Wala si sisi tu. Mmarekani mzee naye mpango wa afya wa serikali yake, uitwao Medicare, kwa kawaida haumlipii nje ya nchi, na melini humlipia tu pale meli inapokuwa katika bandari ya Marekani au isiyozidi saa 6 kutoka bandarini.

Swali la nne ni kuhamishwa na kurudishwa. Zahanati ya meli ina kazi ya kumtuliza mgonjwa. Akizidiwa atashushwa bandari iliyo karibu, au atachukuliwa kwa helikopta pale inapoweza kufika. Kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa ndege yenye daktari, kutoka bara moja hadi jingine, huweza kugharimu makumi ya maelfu ya Dola. Nikatazama kama fedha za kuhamishwa zimetengwa mbali na za matibabu, maana zikiwa kapu moja, hospitali yaweza kulimaliza kapu kabla ndege haijaitwa. Nikatazama pia kama maiti anarudishwa hadi kwao, au hadi uwanja wa ndege tu. Mke wangu alinitaka nimsomee mstari huo kwa Kiswahili mara mbili.

Swali la tano ni yale yanayoipata meli yenyewe. Wenye umri wangu wanaikumbuka Costa Concordia, iliyogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 13, 2012, watu 32 wakapoteza maisha. Sisi tuliomlilia MV Bukoba mwaka 1996 hatuhitaji kuambiwa maji ni nini. Lakini lililonishughulisha zaidi ni habari ya Diamond Princess, iliyozuiliwa Yokohama, Japani, Februari 2020, ikiwa na watu zaidi ya 3,700. Abiria, wengi wao wazee, walifungiwa vyumbani mwao kwa majuma, na watu zaidi ya 700 wakakutwa na virusi vya korona. Mtu aliyefungiwa hivyo dawa zake humwishia, na ndege yake humwacha. Basi nikauliza: tukizuiliwa chumbani, hati inalipa nini? Meli ikiruka bandari? Ndege yetu ikichelewa, meli ikaondoka? Kwa maana meli haimsubiri abiria. Humlazimu aifuate bandari ya mbele kwa nauli yake. Majibu yalikuwapo, mengine ya kuridhisha, mengine nusunusu. Kwa hilo la mwisho tuliamua kufika Genoa siku moja kabla, na hiyo ni bima isiyo na wakala.

Mzozo ulikuja kwenye malipo. Binti alitaka kulipa, kama alivyolipa mengine yote. Alisema, "Baba, wewe tulia, hii ni juu yetu." Nami nikamjibu, "Mama, safari ni zawadi yenu, tumeipokea kwa mikono miwili. Lakini kurudi kwangu nyumbani, niwe mzima au niwe maiti, ni deni langu mwenyewe." Alilia kidogo. Mumewe akachukua simu akasema, "Baba, tumekuelewa." Nililipa kwa pensheni ya miezi miwili. Msomaji ataniona mkaidi, lakini nadhani mzazi aliyezeeka amebakiwa na vitu vichache vya kuwapa watoto wenye uwezo kuliko yeye, na kimojawapo ni kutowaachia usiku mmoja wa kupiga simu kwa watu wasiowajua wakiomba fedha za jeneza.

Tulisafiri. Simu ya kituo cha msaada cha kampuni tuliiandika kwenye vikadi viwili, kila mmoja chake, kwa kuwa hati ilitaka wapigiwe kabla ya mtu kulazwa. Dawa tulizibeba mkononi, wala si katika masanduku ya chini, pamoja na barua ya daktari iliyotaja majina halisi ya dawa, maana jina la kwenye pakiti hubadilika kila nchi.

Usiku wa nne, baada ya kutoka Barcelona, mke wangu alihisi kichwa kizito. Tukashuka zahanatini. Daktari alimpima, akamkuta shinikizo limepanda, akamweka kitandani kwa saa mbili hadi likashuka, akamshauri apunguze chumvi ya vyakula vile vya melini. Hesabu ikaja. Ilikuwa pungufu ya Euro 150, na hati yetu ilisema Euro 150 za kwanza mteja hujilipia. Kwa hiyo tulilipa wenyewe, na kampuni haikutoa hata senti moja safari nzima.

Niliporudi, rafiki zangu wa barazani walicheka sana. Fedha zote zile, wakasema, na bima haikukufaa kitu! Niliwaeleza kwamba mambo madogo yanayolipika na mfuko wa mtu yalipwe na mfuko wa mtu. Bima ni ya lile ambalo mfuko wako, na wa mwanao, na bakuli la jirani, vyote haviwezi kwa mara moja. Sijui kama waliridhika. Mmoja, mcha Mungu sana, alisema kununua bima ni kumshuku Muumba. Nikamkumbusha kwamba yeye hufunga mlango kwa komeo kila usiku baada ya sala zake, na hatujamwita mshukaji.

Lakini faida niliipata, nayo nilizipata usiku ule wa nne. Nilikaa kando ya kitanda cha mwenzangu, kati ya Barcelona na Tunis, mahali pale pale nilipopauliza wakala. Bahari ilikuwa giza, na taa za nchi hazikuonekana. Niliogopa, kama anavyoogopa mume yeyote. Ila niliogopa jambo moja tu, afya yake, wala hofu ya fedha haikunijia, wala ya majuma matatu katika chumba cha maiti cha ugenini. Naye alinishika mkono akasema, "Karatasi si unayo?" Nikamwambia ninayo. Akalala.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mzee mwenzangu, watoto wetu wametawanyika duniani, na mialiko kama hii itazidi kuja, ya meli au ya ndege. Wao hawataki kuzungumza habari za mwisho wetu. Wanaona ni uchuro. Basi tuanze sisi. Mwanao akikuambia bima imekwisha kununuliwa, mshukuru, kisha umwombe hati uisome. Anza na ukurasa wa yasiyolipiwa. Taja maradhi yako yote, hata lile unaloliona aibu. Uliza umri, uliza mipaka ya nchi na ya bahari, uliza utarudishwaje. Ukishapata majibu, kunja karatasi uitie mfukoni, panda meli, ukaione dunia.